Ulna Ikizidi Milimita Mbili

Mgonjwa anapolalamikia kifundo cha mkono, namwomba aonyeshe panapouma kwa kidole kimoja tu. Akigusa mbele kidogo ya kile kinundu cha mfupa kilicho upande wa kidole cha mwisho, kisha akasema panazidi akikamua nguo, akisonga ugali au akigeuza ufunguo mgumu, ameshanipa pa kuanzia. Akiwa na miaka arobaini na kitu na hajaanguka siku za karibuni, kwanza nashuku gegedu linalolika kwenye ncha ya ulna.

Kati ya kiwiko na kifundo kuna mifupa miwili: rediasi upande wa kidole gumba, ulna upande wa kidole cha mwisho. Ulna haigusani moja kwa moja na mifupa midogo ya kifundo. Katikati pamewekwa gegedu la pembetatu, lililoshikwa na ligamenti pande zote, linalopokea mzigo kama raba kati ya vyuma viwili. Palmer na Werner, wataalamu wa Marekani walioueleza mfumo huu mwaka 1981, baadaye waliupima maabara. Mifupa hiyo ikilingana urefu, rediasi hubeba takriban asilimia 80 ya mzigo na ulna 20. Ulna ikirefushwa milimita 2.5 tu, fungu lake linapanda hadi asilimia 42 hivi. Ikifupishwa kiasi hicho hicho, linashuka hadi kama 4.

Wengine wamezaliwa na ulna ndefu. Wengine waliangukia kiganja, rediasi ikavunjika na kuunga ikiwa fupi. Ndiyo maana nasihi kwa moyo wote: mkono uliovimba na kupinda baada ya kuanguka usikandwe wala kuchuliwa kabla ya kupigwa picha. Mfupa ukiunga vibaya, maumivu ya upande wa pili yanaweza kuja miaka mingi baadaye, mtu ameshasahau alianguka lini.

Palmer aliupanga uchakavu huu katika hatua tano mwaka 1989. Gegedu huanza kwa kukonda. Kisha ncha ya ulna na lunati, mfupa mdogo unaoikabili, hupoteza utando wao laini. Gegedu hutoboka, ligamenti inayoifunga lunati na jirani yake hukatika, na mwisho kiungo kizima huchakaa. Sehemu ya katikati ya gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo tundu la hapo halizibi lenyewe.

Eksirei ya kawaida inatosha kuonyesha urefu wa ulna, ila ipigwe inavyotakiwa: mkono umeinuliwa pembeni usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa pembe mraba. Kiganja kikigeuzwa chini na ngumi ikikazwa, ulna husogea mbele, na ndivyo mkono unavyokaa kazini. Kwa hiyo picha ya pili ipigwe katika mkao huo. Ikikosekana, tatizo linaweza kujificha.

Kipimo cha MRI kinasaidia, lakini kisomwe kwa tahadhari. Watu wengi wenye umri mkubwa wana tundu kwenye gegedu na hawaumwi kitu. Picha haitibiwi, anatibiwa mtu. Ninachotafuta zaidi ni dalili za msuguano kwenye lunati, ile kona inayoitazama ulna. Lunati ikiwa imeathirika upande wa rediasi au yote, huenda ni ugonjwa wa Kienböck, ambapo mfupa huo hukosa damu. Huo mara nyingi huambatana na ulna fupi, na kuifupisha zaidi ni kosa. Kano iliyovimba pembeni au mshipa wa fahamu uliobanwa pia huuma upande huu. Ganzi kwenye kidole cha mwisho isipuuzwe.

Tiba huanza bila kisu: kifundo kifungwe kwa kishikizo wiki kadhaa, kazi za kukamua na kunyonga zisimame, dawa za maumivu zitumike kwa ushauri, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo dhaifu. Sindano ya steroidi inaweza kutuliza, lakini isiwe mazoea. Wengi hupata nafuu kwa njia hii, na miezi michache ya subira ina thamani.

Maumivu yakibaki, gegedu lililochanika hupunguzwa kwa kamera ndogo. Ulna ikiwa ndefu, mara nyingi hilo pekee halitoshi, kwa kuwa mgandamizo bado upo. Hapo hukatwa kipande cha milimita chache na mfupa kufungwa kwa bamba na skrubu, njia aliyoieleza Milch mwaka 1941. Kiungo kati ya ulna na rediasi kikiwa kimeshachakaa, upasuaji huu haufai. Mvutaji sigara aache kabla, kwa sababu sigara huchelewesha mfupa kuunga na wakati mwingine huuzuia kabisa. Bamba lenyewe, likisumbua chini ya ngozi, huweza kutolewa mfupa ukishakomaa.