Faili zikifutwa kwenye Linux: dakika za kwanza ndizo zinaokoa

Usiku wa Jumanne tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni ambako watengenezaji wa programu wa inchi nyingi wanaweka kazi zao, aliandika amri ya kufuta kwenye kompyuta ya Linux. Alizani yuko kwenye mashine ya akiba. Kumbe alikuwa kwenye ile kubwa yenyewe. Aliposimamisha, sekunde moja ao mbili baadaye, kwa giga karibu 300 zilikuwa zimebaki giga 4,5 tu.

Kopi za kila siku hazikuwako. Programu ya kuzifanya ilikuwa inashindwa, na barua za kuonya hazikumufikia mutu. Kilichookoa kampuni ni kopi ambayo fundi huyo huyo alikuwa amefanya kwa mukono masaa karibu sita mbele ya ajali. Yaliyoandikwa kisha hapo yalipotea.

Mwanafunzi mwenye kuandika TFC yake anaweza kupatwa na ajali kama hiyo. Amri ya « rm » haipitishi faili kwenye kapu ya takataka. Lakini si mwisho: Linux inaondoa jina la faili na kuhesabu nafasi yake kuwa wazi. Maandishi yenyewe yanabaki kwenye disiki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Kwa hiyo, kama faili ingali wazi ndani ya programu, usiifunge: ihifadhi tena kwenye flashi. Kama sivyo, acha kazi yote na zima mashine. Usipakue kitu kwenye disiki hiyo. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, kisha tumia TestDisk ao PhotoRec, programu za bure za Mufaransa Christophe Grenier. Yanayopatikana yawekwe kwenye disiki ingine. PhotoRec inarudisha yaliyomo, lakini majina ya faili hayarudi.

Kwenye disiki za SSD matumaini ni madogo, sababu nafasi iliyoachwa inaweza kusafishwa kabisa bila mwenyewe kujua.

Dawa inabaki kopi mahali pengine, na kuifungua mara kwa mara. GitLab ilikuwa na njia nyingi za kopi. Hazikuwa zinajaribiwa mara kwa mara.