Kileleshwa na Watoto Mwaka Mzima: Matembezi ya Kila Msimu Bila Kuumiza Mfuko

Kila Jumamosi nikilala kwa dada yangu hapa Kileleshwa, saa moja asubuhi swali ni lile lile. Mpwa wangu mkubwa ana miaka tisa, mdogo wake ana mitano. Wanasimama mlangoni, viatu tayari miguuni. "Anko, leo tunaenda wapi?"

Kama wewe ni mzazi wa mtaa huu, unaelewa. Zile nyumba za zamani zenye bustani kubwa na miti ya matunda zinazidi kupisha maghorofa. Sisi tuko ghorofa ya nane. Chini ni maegesho ya magari na kibao kinachosema mpira hauruhusiwi. Watoto wakitaka kukimbia, lazima mtoke. Na mkitoka, pesa nazo zinatoka.

Mwaka jana dada aliniuliza, "Si wewe ndiye umesomea mambo ya biashara? Hebu niambie, kwa nini kila mwisho wa mwezi sijui pesa zangu zimeenda wapi?" Tukakaa mezani na simu yake, tukafungua taarifa ya miamala. Tulichokiona ndicho kilichonifanya niandike haya.

Pesa haziishii mlangoni, zinaishia njiani

Dada alikuwa akiamini wikendi moja na watoto inamgharimu kama elfu mbili hivi. Tukachukua Jumamosi moja ya kawaida, siku waliyoenda kwenye jumba la maduka kwa sababu hakukuwa na mpango mwingine:

- Teksi ya kwenda: 350
- Mchezo wa kuruka: 600
- Chipsi, kuku na soda: 1,450
- Aiskrimu: 500
- Puto mbili: 200
- Teksi ya kurudi: 420

Jumla ni shilingi 3,520. Mara nne kwa mwezi, hiyo ni 14,080. Dada alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo ni karo."

Ona kitu kimoja. Hakuna hata malipo moja hapo ambalo ni kubwa. Ukilipa kwa simu hauoni noti zikipungua mkononi, kwa hivyo ni rahisi kusahau. Lakini simu hiyo hiyo haisahau. Kila shilingi imeandikwa, na tarehe na saa. Kabla ya kusoma zaidi, fungua taarifa yako ya mwezi uliopita na ujumlishe za wikendi peke yake. Tutakungoja hapa.

Shilingi 500 kila Jumatatu

Mpango tulioufanya ni rahisi. Kila Jumatatu, dada anahamisha shilingi 500 kwenda kwa akiba iliyo kando na pesa za matumizi. Wiki 52 ni 26,000 kwa mwaka. Tukazigawa hivi:

- Matembezi nane madogo, 1,000 kila moja: 8,000
- Matembezi matatu makubwa, 5,000 kila moja: 15,000
- Ya dharura: 3,000

Hiyo ni safari moja ya kupangwa kila mwezi, isipokuwa Januari. Januari ni ya karo na sare za shule, tusidanganyane. Wikendi zinazobaki ni za vitu vya bure, na viko vingi kuliko unavyodhani. Siri ni kufuata msimu, kwa sababu Nairobi haina hali moja ya hewa. Iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila miezi michache inabadilika.

Januari hadi katikati ya Machi: jua na vumbi

Huu ndio wakati wa kutembea. Kwa watu wa Kileleshwa, Arboretum iko hapo tu kwenye State House Road. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kigeni iliyotarajiwa kutoa kuni za garimoshi. Leo ni kama hekta 30 za kivuli, na mto Kirichwa Kubwa unapita humo. Kiingilio ni kidogo. Beba chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, na ule mbali na tumbili. Mpwa wangu mdogo alinyang'anywa ndizi mchana kweupe, na bado anasimulia kila mgeni anayekuja nyumbani.

Kama watoto wana nguvu zaidi, Ngong Hills huwa na upepo mzuri miezi hii. Mitambo ya upepo iliyo juu ya vilima ni somo la sayansi tosha: stima inatoka wapi?

Katikati ya Machi hadi Mei: masika

Hapa usijaribu ushujaa. Aprili 2024 mvua ilifurika Nairobi hadi ufunguzi wa shule ukaahirishwa. Mto unaoonekana mdogo unaweza kujaa ghafla, kwa hivyo kingo za Kirichwa si mahali pa kuchezea mvua ikinyesha, hata kama watoto wamevaa buti za mpira.

Nenda ndani. Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, yanaweza kumaliza siku nzima. Watoto wangu (nawaita wangu, dada atanisamehe) hupenda sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu aliyepewa ulinzi maalum na Rais Jomo Kenyatta hadi alipokufa mwaka wa 1974. Pia kuna Kijana wa Turkana, mifupa ya mvulana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kipande cha kwanza kiligunduliwa Agosti 1984 na Mkenya, Kamoya Kimeu. Mwambie mtoto hivyo: aliyekiona ni mtu wa hapa hapa.

Juni hadi Agosti: baridi

Baridi ya Nairobi huwa na mawingu yasiyoondoka hadi saa sita. Hapo Karura hufaa, manake mkitembea mnapata joto. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, una maporomoko ya maji, mapango, na baiskeli za kukodi. Mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiupigania usinyakuliwe. Mkubwa wetu aliposikia hivyo akauliza, "Kwa hivyo wangeshindwa, hapa pangekuwa na nini?" Nikamwambia, "Maghorofa, kama kwetu." Alinyamaza njia yote hadi kwenye maji.

Kukiwa na baridi kali, nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani mjini. Kuna behewa ambamo simba alimchukua afisa wa polisi, Charles Ryall, kule Kima mwaka wa 1900. Mkubwa alitaka hadithi irudiwe mara tatu. Mdogo alitaka twende nyumbani.

Agosti pia ni likizo ya shule, na hapa ndipo tutarudi kuzungumzia kambi za likizo. Ngoja kidogo.

Septemba na Oktoba: zambarau barabarani

Msimu wa bure kabisa! Mijakaranda inachanua na barabara zinageuka zambarau. Sisi hucheza mchezo wa kuhesabu miti kutoka dirisha la matatu ya 48. Anayekosea anaosha vyombo.

Mwishoni mwa Septemba huwa kuna maonyesho ya kimataifa ya biashara pale Jamhuri, ambayo wengi bado tunayaita "shoo". Ng'ombe, matrekta, pamba ya sukari. Hii iweke kwenye yale matembezi makubwa, na upange kiasi cha matumizi kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu ndani kila hatua kumi kuna mtu anauza kitu kinachong'aa.

Novemba na Desemba: vuli na likizo ndefu

Mvua za vuli huja na kuondoka, kwa hivyo toka asubuhi. Huu ndio wakati wa safari kubwa ya mwaka. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka wa 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba kama 117 zenye simba, faru na twiga huku majengo ya mji yakionekana kwa mbali. Ndani kuna mahali ambapo Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka wa 1989. Watoto wengi hushangaa: kwa nini mtu achome kitu cha bei? Hilo ni swali zuri la kurudi nalo nyumbani. Wakitaka ndovu wenyewe, kituo cha Sheldrick cha ndovu yatima hupokea wageni kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi, na lazima uweke nafasi mapema.

Sasa, ile kambi ya likizo

Agosti mwaka jana mtu alituma tangazo kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi. Kambi ya siku tano: kuogelea, sanaa, upishi. Shilingi 6,500 kwa mtoto, "nafasi tatu zimebaki, bei inapanda saa kumi na mbili jioni." Picha zilikuwa nzuri. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi. Dada alikuwa kazini, akaniomba nimlipie mkubwa haraka.

Nikalipa. Jina lilitokea kwenye skrini kabla sijaweka PIN, na halikufanana kabisa na jina la aliyekuwa akizungumza nasi. Niliona. Nikajiambia labda ni mhasibu wao. Jumatatu asubuhi tulifika mahali palipotajwa, mtoto na begi lake la kuogelea, na mlinzi akatuambia hakuna kambi hapo na hatukuwa wa kwanza kuuliza. Nambari ilikuwa imezimwa.

Elfu sita na mia tano inauma, lakini kilichoniuma zaidi ni mtoto kuniuliza kwenye matatu, "Anko, kwani hukusoma?"

Mimi, ninayefanya kazi hii ya kuelimisha wateja, sikusoma. Kwa hivyo usione haya kama yamekupata. Fanya tu haya yasirudi:

1. Soma jina kabla ya PIN. Skrini inakuonyesha jina ili ulisome. Kama halifanani na biashara au mtu unayemlipa, acha hapo hapo. Hakuna kambi nzuri inayokufa ukichelewa dakika kumi.

2. Biashara ilipwe kama biashara. Omba nambari ya Till au Paybill. Mwenye kambi ya watoto thelathini asiyekuwa nayo akueleze kwa nini.

3. Piga simu, kisha fika. Kabla ya kulipa pesa nyingi za kambi, piga simu mahali penyewe inapofanyika uulize kama wanaijua. Mimi ningeokoa 6,500 kwa simu ya dakika mbili.

4. Milango ya serikali, lipia nyumbani. Mbuga na sehemu nyingi zinazosimamiwa na serikali hutumia eCitizen, wala hazitaki noti. Fungua akaunti jioni iliyotangulia, angalia kiingilio cha siku hiyo, ingia kupitia anwani rasmi badala ya kiungo ulichotumiwa, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

5. Ukikosea nambari, tenda mara moja. Wasiliana na huduma kwa wateja na uombe muamala urudishwe. Kila dakika inayopita, pesa zinaweza kutolewa. Na mtu akikwambia amekutumia kimakosa, angalia salio lako kwanza kabla ya kurudisha chochote.

6. PIN ni yako peke yako. Hata mtoto anayekusaidia asiijue. Si kwamba humwamini. Ni ili akitumia simu yako kucheza, kosa lisigeuke deni.

Msomaji wa jina

Siku hizi nyumbani kwa dada kuna cheo kipya. Mkubwa ndiye msomaji wa jina. Tukitaka kulipa popote, mimi naandika nambari na kiasi, yeye anasoma jina kwa sauti, mwenye biashara anaitikia, ndipo nageuka pembeni na kuweka PIN.

Mwezi uliopita tulikuwa tunanunua mahindi ya kuchoma karibu na Arboretum, shilingi 120. Mama wa mahindi alinitajia nambari kukiwa na kelele za bodaboda. Nikaandika. Mkubwa akasoma jina, jina la mwanamume. Mama akacheka, "Hapana, huyo si mimi, mwanangu." Nilikuwa nimeandika tatu badala ya nane.

Zilikuwa shilingi 120 tu. Lakini mama yule angekosa haki yake, na mimi ningesisitiza nimelipa. Mtoto alirekebisha, tukalipa, tukala mahindi tukitembea kurudi nyumbani. Njiani akaniuliza kama msomaji wa jina hulipwa mshahara.

Bado tunajadiliana.

Wikendi hii, kabla ya kutoka na watoto, fanya mambo matatu: fungua taarifa yako ya mwezi jana, weka 500 yako ya kwanza kando, na uwaulize watoto nani atakuwa msomaji wa jina. Halafu mtoke mapema, jua halijawa kali.