Kitenzi cha Kuosha katika Lugha za Skandinavia: Funzo kwa Mwalimu wa Msamiati

Mtoto anaposema "nimefua mikono", mwalimu humsahihisha upesi na kuendelea na somo. Yafaa tujiulize kwanza kosa hilo limetoka wapi. Kiswahili kimegawa kazi ya maji na sabuni baina ya vitenzi kadhaa: twanawa mikono, twaoga mwili, twafua nguo, twaosha vyombo. Lugha nyingine hugawa kwa namna nyingine, na mtoto aghalabu hufuata mgawanyo wa lugha ya nyumbani kwake. Ili tuone jinsi mgawanyo huo unavyozaliwa, na tufuate safari ya kitenzi kimoja cha Ulaya ya Kaskazini.

Watu wa kale wa Skandinavia walipotaka kusema "kuosha" walitumia kitenzi þvá. Herufi yake ya kwanza hutamkwa kama th katika neno letu "thelathini". Kitenzi hiki ni kikongwe: Kigothi, lugha iliyoandikwa tangu karne ya 4, kilikuwa na ndugu yake, þwahan. Huko Iceland sauti ya th haikupotea. Kitenzi kimekuwa þvo, nacho hutumika hadi leo kwa mikono, kwa nguo, hata kwa gari.

Katika Denmark, Norwe na Uswidi mambo yalikwenda vingine. Sauti ya th mwanzoni mwa maneno ya namna hii iligeuka t. Basi kitenzi kikawa två katika Kiswidi na to katika Kideni; na hayo ndiyo majina ya namba mbili katika lugha hizo! Neno fupi likabeba mizigo miwili. Isitoshe, katika karne za biashara ya Hansa, wafanyabiashara wa Kijerumani walijaa katika miji ya bandari, na Kijerumani chao cha Kaskazini kikaacha maneno mengi. Wataalamu wengi hulihusisha na lugha hiyo neno vaske, ambalo leo katika Kideni na Kinorwe huosha mikono, nguo na sakafu pia.

Waswidi walifuata njia yao. Kutokana na jina la zamani lenye maana ya "uoshaji", lililozaliwa na kitenzi kile kile cha kale, walipata kitenzi kipya, tvätta, cha mikono na nguo. Vyombo vya kulia vina kitenzi chake, diska. Nalo neno vaska wanalo, lakini mchimbaji hulitumia anapochekecha mchanga majini ili apate dhahabu.

Je, kitenzi cha kale kimekufa? La, kimehamia penginepo. Katika Kideni na Kiswidi kingali hai katika msemo wa kunawa mikono, yaani kukataa lawama, kama alivyofanya Pilato. Kadhalika, sabuni ya mikono kwa Kiswidi ni tvål, neno la ukoo huo huo. Zaidi ya hayo, tawi jingine la ukoo huo liliingia katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya kitambaa cha kujifutia, likapita Kiingereza, likatufikia sisi. Neno lenyewe ni "taulo". Kila mwanafunzi anayejifuta uso asubuhi anashika mkononi jamaa wa mbali wa kitenzi cha watu wa Iceland.

Mwalimu ana mambo mawili ya kujifunza hapa. Kwanza, kitenzi kifundishwe pamoja na kile kinachotendwa. Haifai kuandika ubaoni "nawa, oga, fua, osha" kisha kutoa maana moja moja. Wanafunzi na walete majina: uso, shuka, sufuria, mtoto mchanga; kisha wachague kitenzi na kueleza sababu. Mwenye lugha nyingine nyumbani aulizwe kwao husemwaje, ili darasa lilinganishe bila kumcheka.

Pili, maana ya neno hutafutwa katika jamaa zake. Na tuchukue "fua". Mhunzi hufua chuma, mkulima wa pwani hufua nazi, dobi hufua nguo, na mitambo hufua umeme. Wanafunzi waulizwe: mhunzi na dobi wanafanana nini? Wakikumbuka nguo zinavyopigwa juu ya jiwe mtoni, watajibu wenyewe kwamba wote wawili hupiga. Hapo ndipo watakapoelewa kwa nini hatufui mikono. Mtoto aliyeambiwa tu "umekosea" huogopa kusema tena; aliyeonyeshwa sababu hupata ufunguo wa kufungulia maneno mengine peke yake.