Mashini haiulizi ni mtoto wa nani

Mwezi wa tisa ukikaribia, mu nyumba nyingi za Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba mazungumzo ni yale yale. Mtoto amemaliza mwaka wa nane, sasa anaingia humanite. Feza ya masomo ni kidogo. Papa anahesabu, mama anahesabu, kisha wanaamua: kijana ataenda kusoma umeme ao mekaniki, binti ataenda kushona ao komersiale. "Mwana mwanamuke atafanya nini mu mekaniki?" Neno hilo linasemwa bila ubaya, sawa vile mtu anasema mvua itanyesha. Na mara nyingi hakuna anayemuuliza binti mwenyewe.

Ba papa na ba mama, tuzungumze juu ya uamuzi ule, juu ni uamuzi wa feza. Angalia kazi zinazotafutwa ku mlango wa kompani: fundi wa umeme, fundi wa kuunga chuma, dereva wa mashini kubwa, fundi wa pampu, mtu wa laboratware anayepima mawe na asidi. Karibu zote zinapita mu seksio zile tunazowafungia mabinti. Tunafunga mlango sisi wenyewe, kisha miaka kumi tunalalamika kwamba binti amekaa ku nyumba na diplome yake.

Desturi hii ilijengwa mu kambi

Wengine watasema: ni desturi ya wakubwa wetu. Lakini mu sura tunayoijua leo, ilijengwa mu kambi ya kompani, na mwaka wake unajulikana.

Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ya mwanzo kompani ilichukua wanaume kwa mikataba mifupi, wengi wakitoka mbali. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengine wakatoroka. Karibu mwaka 1928 kompani ikabadilisha siasa yake: mfanyakazi aje na bibi yake, akae, azae, watoto wakuwe mu kambi. Masomo yakawekwa mu mikono ya wamisionere Wabenedikto. Kijana alisoma, kisha akaenda mu atelie kujifunza kazi. Binti alifundishwa kushona, kupika, kufua na kulea mtoto. Mama yake naye alifundishwa vile vile mu fwaye sosiale.

Kompani haikufanya vile juu ya chuki. Ilifanya hesabu. Mwanaume mwenye bibi na nyumba safi harudi mu mugini, anakuja ku kazi kila siku, na watoto wake njo wafanyakazi wa kesho. Posho ilipimwa kwa jina la papa, nyumba ilitolewa kwa jina la papa, masomo yalilipwa kwa jina la papa. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Universite ya Lubumbashi aliandika juu ya maisha hayo ya familia za wafanyakazi mu kitabu chake *Bana Shaba abandonnés par leur père*, kilichotoka mwaka 2001. Mwaka 1967 Leta ilipochukua mali ya Union Minière, kompani iliyokuja kuitwa Gécamines iliendeleza masomo na hospitali. Wanawake waliingia ku kazi kama walimu, wauguzi na wasekretere. Lakini mu atelie ya mekaniki sura zilibaki karibu zile zile.

Nyumba ya nguzo moja

Mpango ule ulikuwa na kasoro moja: nyumba nzima ilisimama juu ya nguzo moja. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka. Mwaka 2003 kompani haikufikia hata tani 30,000. Mwaka ule na uliofuata, zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka mu mpango ulioitwa "départs volontaires", na kila mtu hapa anajua namna gani neno "volontaire" lilichekwa mu mitaa.

Nani alilisha watoto ile miaka? Mu nyumba nyingi ni mama. Aliuza unga, makala, beinye, samaki, mafuta kwa kipimo kidogo. Alifanya bila diplome, bila chombo, bila mtu aliyemfundisha kazi yenye kulipa. Kama mu nyumba ile kungekuwa fundi wa pili, mama ao binti mkubwa, anayejua kutengeneza mota ya umeme ao kuunga mlango wa chuma, njaa ingekuwa na adui mwingine. Hilo njo somo ambalo familia za wachimbaji zililipia bei kubwa. Haifai tulisahau sasa juu ya kuona malori yanapita tena barabarani.

Milango mingine inayofungwa

Binti si yeye peke yake. Mu masomo yetu ya ufundi kuna wengine wanaobaki inje.

Kuna mtoto anayeulizwa kabila. Tunajua ni jeraha. Mwaka 1992 na 1993, mu Likasi na Kolwezi, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Zililala ku gare zikingojea treni, na watu wengi walikufa pale kwa njaa na magonjwa. Kati yao walikuwa mafundi, wakubwa wa atelie, walimu wa hesabu. Walipoondoka, walienda na ujuzi wao, na mtoto wa mwenyeji aliyebaki alipata darasa bila mwalimu. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, mu artikle ya 13, inasema wazi kwamba mu mambo ya elimu hakuna Mukongomani atakayebaguliwa juu ya dini, asili ya familia, hali ya maisha, mahali anapokaa, kabila ao lugha. Mota ikiungua, haiulizi fundi anatoka mutara gani.

Kuna mtoto mwenye ulemavu. Mgodi wenyewe unajua kuleta ulemavu; mu familia zetu si jambo la mbali. Lakini kijana anayetembea na fimbo anaambiwa atelie si mahali pake, hata kama anataka kusoma elektroniki, kazi inayofanywa mtu amekaa ku meza. Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa tano 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, na masomo yamo ndani.

Tena kuna binti aliyeshika mimba. Mara nyingi yeye anaondoka, kijana aliyempa mimba anabaki darasani. Sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inayolinda mtoto, haikubali wakubwa wa masomo wamzuie kusoma. Prefe anayemfukuza hana sheria nyuma yake. Mzazi anayejua hilo anaweza kuingia mu biro yake na kuzungumza bila woga.

Na kwa wanawake wote, artikle ya 14 ya Katiba inaomba Leta iondoe ubaguzi wa kila namna, na sheria nambari 15/013 ya tarehe 1 mwezi wa nane 2015 inaeleza namna ya kutumia haki hizo na ile parite tunayoisikia ku radio. Kwa hiyo kwa upande wa sheria, mlango uko wazi. Shida iko ndani ya nyumba na ndani ya atelie.

Kuingia si kusoma

Tuseme binti amekubaliwa mu elektrisite. Darasa lina vijana wengi, yeye ni mmoja tu, ao wako wawili. Siku ya kazi ya mikono, vyombo ni vichache. Vijana wanashika, yeye anaandika mu kaye. "Wewe uko na mwandiko mzuri." Jioni yeye njo anapewa ufagio. Mwisho wa mwaka amepata poa nzuri mu karatasi, lakini mikono yake haijui kazi. Akifika ku staji, shefu anamjaribu na waya mbili, anashindwa, na shefu anasema: "Munaona? Wanawake hawawezi." Hakuna anayeuliza nani alishika chombo mu atelie.

Kuna choo bila mlango, ao choo kimoja kwa watu wote. Mu siku zake za mwezi binti anabaki nyumbani, na kila mwezi anapoteza masomo. Kuna kombinezo iliyoshonwa kwa mwili wa mwanaume, inayoweza kushikwa na mashini inayozunguka. Hapo si aibu tena, ni hatari.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wanaliita kwa mzaha "points sexuellement transmissibles": mwalimu anayetafuta mwili ili atoe poa. Si mzaha. Sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 inaita usumbufu wa namna hiyo kosa, na adhabu yake ni gereza. Mzazi akiona binti anachukia ghafula mwalimu mmoja ao darasa moja, asimpige makofi ya uvivu. Amuulize polepole.

Feza itatoka wapi?

Swali la haki. Masomo ya msingi yalifanywa ya bure tangu mwezi wa tisa 2019, lakini sekondari tunalipa, na seksio ya ufundi inaomba vyombo. Familia inapokuwa na feza ya mtoto mmoja, kijana njo anapita mbele.

Lakini kuna feza nyingine, na familia za wachimbaji zinapaswa kujua inaitwa namna gani. Kode ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018 inaomba kila kompani inayochimba itoe 0.3% ya biashara yake ya mwaka kwa maendeleo ya vijiji na mitaa inayoguswa na mgodi. Tena kompani inatia sahihi "cahier des charges" pamoja na wenyeji: barabara, maji, hospitali, masomo. Na ku feza ya "redevance minière", 15% inaenda ku komine ao sekteri ambamo mgodi uko. Watu wakikutana kuzungumza juu ya feza hizo, mara nyingi wanaomba jengo. Jengo ni jema. Lakini wanaweza kuomba pia minervali ya mabinti kumi mu seksio ya umeme, vyoo viwili vyenye mlango na maji, ngazi ya kupitisha kiti cha magurudumu. Ni kidogo kuliko jengo, na inabakia mu vichwa vya watoto.

Kuna pia INPP, iliyoanzishwa na Leta mwaka 1964 ili ifundishe kazi. Waajiri wanailipia mchango kila mwezi, wakihesabu ku mishahara. Maana yake kazi ya papa imekwisha kuchangia mahali pale. Kwa nini mtoto wake, kijana ao binti, asiende kuuliza?

Na kazi, je, iko?

Hatutadanganya. Diplome haifungui mlango peke yake, hata kwa kijana. Wengi wanaingia kwa kujuana, na kazi nyingi ziko mu kompani ndogo zinazotumikia zile kubwa, kwa mkataba mfupi. Mu dunia nzima wanawake walifungiwa mgodi kwa muda mrefu: mapatano ya kimataifa ya mwaka 1935 yalikataza kuwashusha chini ya ardhi. Afrika ya Kusini iliondoa marufuku hayo kwa sheria ya mwaka 1996, kisha ikawaomba makompani yake yafikie 10% ya wafanyakazi wanawake. Mlango ulifunguka juu kulikuwa hesabu ya kufuata. Hapa pia sendika zinaweza kuuliza kompani kila mwaka: mulichukua ku staji watu wangapi, na kati yao mabinti wangapi?

Fundi hategemei kompani tu. Mtu anayejua umeme ataweka sola, atatengeneza pampu ya kisima, atafunga waya mu nyumba za mtaa. Na tusidharau kushona. Tembea mu masoko yetu: wanaume wangapi wamekaa ku mashini ya kushona na wanalisha familia zao? Ku masomo tunasema kushona ni kwa mabinti. Mu soko, pale feza iko, mwanaume anakaa bila aibu. Basi kazi haina jinsia. Bei yake njo inaamua nani anaisogelea.

Mbele ya kulipa, uliza

Unapoenda ku masomo kuandikisha mtoto, uliza prefe haya, na uombe kuona kwa macho:

Mu atelie kuna vyombo vingapi kwa wanafunzi wangapi, na kila mmoja anashika mara ngapi kwa juma? Vyoo vya mabinti viko wapi? Mwaka uliopita mabinti wangapi walimaliza mu seksio hii? Nani anatafuta staji, masomo ao mzazi? Mwanafunzi akisumbuliwa na mwalimu, anamwambia nani? Mwenye ulemavu anapita wapi ili aingie?

Prefe mzuri atajibu bila kukasirika. Mwingine ataona kwamba wazazi wameanza kuangalia, na hilo nalo ni kazi.

Lakini swali la kwanza halimhusu prefe. Linaulizwa nyumbani, mbele ya feza kutoka mu mfuko: "Mwanangu, wewe mwenyewe unapenda kazi gani?" Tumuulize kijana. Tumuulize na binti, tena tungoje ajibu.