Picha za Kale za Ugogo

Mtu aitazamapo picha ya zamani hudhani kwamba anayaona mambo yote kama yalivyokuwa. Kumbe picha ni mfano wa tundu katika ukuta: achunguliaye huona kilicho mbele ya tundu tu. Basi yafaa kuuliza ni nani aliyepiga picha ile, na alimpigia nani.

Mwaka wa 1860 Waingereza wawili, Speke na Grant, waliondoka Unguja, wakapita Ugogo wakielekea Ziwa Nyanza. Grant alikuwa na vyombo vya kupigia picha, na kazi ya picha siku zile ilikuwa taabu tupu. Kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kisha kikaoshwa papo hapo kabla ya dawa kukauka. Na kazi ya dawa yote ilifanywa ndani ya hema dogo lenye giza. Kwa jua la bara, hema lile lilikuwa kama tanuri. Baada ya muda Speke aliona kazi hiyo ni nzito mno kwa nchi ya joto, akavirudisha vyombo pwani, na Grant akashika rangi za maji, akachora kwa mkono.

Reli ilileta mabadiliko. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Dodoma mwaka wa 1910. Wakati huo vioo vya picha viliuzwa vikiwa vimekwisha kupakwa dawa, tena vikavu, hata mpiga picha akaweza kusafiri navyo na kuviosha akirudi. Mmoja wa wapiga picha wa miaka hiyo alikuwa Mjerumani Walther Dobbertin, na picha zake nyingi za nchi hii zimewekwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani.

Jambo linalopendeza kuliko yote katika picha za Ugogo wa kale ni tembe. Nyumba hii ni fupi, na paa lake ni la bapa. Kuta zake ni miti iliyosimikwa karibu karibu na kukandikwa udongo. Juu hulazwa boriti na fito, kisha hufunikwa kwa udongo. Vyumba huzunguka ua, na katika ua huo ng'ombe hulala usiku. Mgeni wa pwani, aliyezoea paa la makuti lililoinuka, angeshangaa kwamba paa la udongo halibomolewi na maji. Lakini mvua ya Dodoma ni chache, haipati milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na miezi mingi hainyeshi kabisa. Tena juu ya paa hilo watu walianika nafaka yao. Matembe yamepungua sana sasa, na fundi atakaye kujua jinsi yalivyojengwa aweza kujifunza mengi kwa kutazama picha hizo polepole.

Walakini ndani ya tembe hakuonekani. Kamera za kale zilihitaji mwanga mwingi, kwa hiyo watu waliitwa nje wasimame juani. Mama aliyepika gizani, mgonjwa aliyelala, na hadithi za usiku, hayo yote yalikosa picha. Hata vita vya mwaka 1914 hadi 1918 ni hivyo. Picha nyingi za vita zaonyesha askari na mizinga. Lakini majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi wa Ugogo, kisha mvua zikakosekana, na njaa iliyoitwa Mtunya ikaua watu wengi sana. Habari zake zilidumu zaidi katika vinywa vya wazee.

Wamisionari nao walipiga picha za shule na hospitali, wakazipeleka kwao ili wafadhili waone kazi ya fedha zao. Serikali ya Uingereza ilifanya vivyo hivyo huko Kongwa, ilipoanza shamba kubwa la karanga mwaka wa 1947. Picha zilionyesha matrekta yakiangusha mapori, na kweli matrekta yalikuwako. Kilichokosekana ni karanga! Ardhi iligeuka ngumu wakati wa kiangazi, mvua haikutosha, na mwaka wa 1951 kazi ikaachwa, baada ya kula paundi milioni 36 hivi.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 kamera ziliwafuata viongozi wa nchi wenyewe. Mwaka wa 1971 Rais Julius Nyerere alikaa Chamwino, karibu na Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji waliokuwa wakijenga nyumba mpya badala ya matembe. Kila mtu humtambua Rais katika picha za siku zile. Ni wangapi wawezao kuwatambua wanakijiji?

Hilo ndilo pengo kubwa. Chini ya picha nyingi za kale pameandikwa “mwanamke wa Kigogo” au “wapagazi”, basi. Lakini mtoto aliyesimama kando ya trekta kule Kongwa mwaka wa 1948, kama yu hai, ni mzee wa miaka 80 na zaidi. Akionyeshwa picha aweza kusema aliyesimama kushoto ni nani, ni mwana wa nani, na ng'ombe wale walikuwa wa nyumba gani.