Amana ya Mlima Rungwe

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tukuyu hupita Isongole, penye baridi, ukungu, na viazi mviringo vilivyopangwa kando ya barabara. Wengi wetu hununua viazi, tukafunga kioo cha gari, tukaendelea na safari. Ni wachache wanaoinua macho wakatambua kwamba upande mmoja wa kijiji iko safu ya Poroto yenye ziwa la Ngosi ndani ya shimo la volkano, na upande wa pili umesimama Mlima Rungwe, unaokaribia urefu wa mita 3,000.

Huko India, katika jimbo la Rajasthan, iko hifadhi ya Ranthambore, ambako simbamarara hupita chini ya kuta za ngome ya kale. Watu huvuka bahari kwenda kushuhudia jambo hilo, nao hawakosei. Simbamarara hayumo katika misitu ya Afrika, wala hatuna haja ya kumwazima. Wilaya ya Rungwe inaye mnyama wake, na inazo kuta zake za kale.

Tulipokwea mlima huo kutoka Isongole, mashamba yalikwisha, ukaanza msitu uliolowa, wenye mianzi na kuvu lililovaa miti kama nguo. Kipunji hatukumwona. Kijana aliyetuongoza, akituita wazee wake, alitueleza kwa adabu kwamba mnyama huyo hukaa juu ya miti, ni mwenye haya, na hamwonyeshi uso kila mgeni.

Maneno hayo yana historia. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji na walikuwa na jina lake. Lakini kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yanataja wanyama wa kweli na wa hekaya pia, watafiti waliosikia habari zake mwaka 2003 hawakuwa na hakika kama yupo. Walipomtafuta walimkuta: tumbili mkubwa wa rangi ya kahawia na kijivu, uso mweusi, nywele zimesimama utosini, na mlio mzito kama honi iliyochanganyika na mbweko. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa habari hiyo. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika tangu mwaka 1923. Basi elimu iliyokuwa midomoni mwa wazee wetu ilingoja miaka mingi kupata muhuri wa maabara. Na ni heshima kwamba jina la kitaalamu limebeba maneno mawili ya hapa kwetu: Rungwe na kipunji.

Heshima hiyo ina deni. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kipunji 1,117 tu, nao hawapatikani nje ya Tanzania. Ukataji wa mbao, uchomaji wa mkaa na uwindaji vilikuwa vimeukata msitu vipande vipande. Hata ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone upande wa Kitulo, ulikuwa umebaki mwembamba na dhaifu. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, na sensa ya baadaye imeonyesha kwamba kipunji wameongezeka. Kazi ya ulinzi haikupotea bure.

Kusini ya Tukuyu, huko Masoko, kando ya ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, lipo boma la Wajerumani. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipozidiwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa silaha na fedha zao majini. Majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu, iliyoitwa wakati huo Neu Langenburg, mwezi Mei 1916. Mgeni huuliza habari za fedha zilizozama. Sisi twapenda watoto wetu waulize kwanza habari za waliotozwa kodi na kubebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Boma likiachwa lianguke, shahidi mmoja wa dhuluma hiyo atakuwa amenyamazishwa.

Yafaa tuseme kweli. Mkulima anayeamka na kukuta mahindi yake yameliwa na tumbili hawezi kushibishwa kwa sifa za dunia. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ada ya mgeni isipofika kijijini kwa njia ya zahanati, darasa, au ajira ya vijana wanaoongoza wageni, shoka litarudi msituni, na hatutakuwa na haki ya kushangaa. Lakini mwanakijiji naye akumbuke kwamba mvua ya mlima huo na maji ya mito inayoteremka hadi Ziwa Nyasa ndiyo inayomlimia shamba. Anayeukata msitu anaikata mvua ya mwanawe.

Kwa hiyo twatoa wito kwa shule zetu: pelekeni watoto Rungwe na Masoko, nao wafuatane na mzee mmoja wa kuwasimulia. Viongozi nao wahakikishe mwenyeji anaonja tunda la ulinzi wake. Amana tuliyoachiwa haikuandikwa jina la kizazi kimoja, na siku ya kuirudisha tutaulizwa iko wapi.