Ghafla, Mahututi, Mahiri: Istilahi za Mafunzo ya Juu ya Huduma kwa Watoto Wagonjwa

Makala haya yanahusu kundi la istilahi ambalo wafasiri, walimu wa vyuo vya afya na maofisa utumishi wamekuwa wakilishughulikia kila mmoja kwa njia yake. Ni istilahi za mafunzo ya juu yanayowaandaa wauguzi na matabibu kuwahudumia watoto waliopatwa na maradhi ya ghafla na watoto walio mahututi. Katika Kiingereza jina la mafunzo hayo hubeba maneno manne yanayotaka kuangaliwa kwa makini, nayo ni "acute", "critical", "advanced practitioner" na "postgraduate". Kila moja lina tafsiri yake ya mazoea katika Kiswahili. Twaona kwamba tafsiri hizo za mazoea zikiunganishwa huzaa jina ambalo msomaji hulielewa vingine kabisa.

Huenda mtu akauliza jina la kozi lina uzito gani hata listahili makala nzima. Tuchukue mfano wa mama wa kata ya Mkotokuyana, wilayani Nachingwea, ambaye mtoto wake amepata homa na ameanza kukakamaa. Nachingwea na jirani yake Ruangwa ni nchi ya Wamwera, pamoja na Wamakonde, Wamakua na Wayao, na lugha ya zahanati ni Kiswahili. Mtoto akipewa rufaa, ngazi ni zile zile zijulikanazo nchini: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, na ikibidi Mtwara au Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Nachingwea. Daktari bingwa wa watoto hapatikani katika ngazi za mwanzo za njia hiyo. Anayempokea mtoto katika saa ya kwanza, ambayo aghalabu ndiyo saa ya kuamua, ni muuguzi au tabibu. Mafunzo tunayoyazungumzia yanamhusu mtu huyo. Maneno atakayofundishiwa ndiyo atakayoyaandika katika barua ya rufaa, na ndiyo atakayomwambia mama.

Tuanze na "acute". Kamusi nyingi hulifasiri kwa neno "kali", na kinyume chake kwa neno "sugu". Lakini katika uganga wa kisasa neno hilo halielezi ukali, laeleza mwendo. Ugonjwa wa namna hiyo huanza ghafla na kwenda mbio, nao waweza kuwa mwepisi, kama mafua, au mzito, kama homa ya uti wa mgongo. Kiswahili kinapotumia "kali" kwa mwendo, hakibakiwi na neno la uzito wenyewe. Matokeo yake yaonekana wazi katika lishe. Wataalamu hutenganisha utapiamlo wa ghafla kwa jumla na ule wa ghafla uliofikia kiwango cha kutishia maisha. Kwa Kiswahili vyote viwili vimekuwa vikiitwa "utapiamlo mkali", ilhali tiba zake si moja. Nalo "sugu" lina kazi nyingine. Mwananchi akisikia "malaria sugu" haelewi malaria ya muda mrefu. Aelewa malaria iliyoshinda dawa, na katika kifua kikuu hivyo ndivyo neno linavyotumika rasmi. Kwa hiyo twapendekeza "-a ghafla" kwa mwendo wa haraka, "-a muda mrefu" kwa mwendo wa polepole, na "kali" libaki na maana yake ya asili. Mtu ataweza kusema "utapiamlo mkali wa ghafla" bila kujirudia.

Wako wanaotumia "dharura" mahali pa "acute". Hatuafikiani nao. Dharura ni hali inayomtaka mhudumu atende sasa hivi, na ugonjwa wa muda mrefu nao huweza kuzusha dharura: mtoto mwenye selimundu aishiye na ugonjwa wake miaka yote huweza usiku mmoja kupungukiwa damu ghafla akahitaji kuongezewa kabla ya alfajiri.

Ama kuhusu "critical", hapa Kiswahili kina neno lake zuri na la zamani, nalo ni "mahututi". Halina utata wowote wa maana. Taabu yake ni kwamba maana yenyewe ni nzito mno. Mahututi ni mtu aliye taabani, ambaye jamaa wameanza kuitana. Tulipoiita wodi "chumba cha wagonjwa mahututi" tuliipa jina la hali ya mgonjwa badala ya kazi inayofanyika mle. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake anapelekwa chumba cha mahututi husikia kwamba mtoto anakwenda kufa, na wapo wazazi ambao wakisikia hivyo huona afadhali kumrudisha mtoto nyumbani. Kumbe chumbani humo mna watoto waliolazwa baada ya kupasuliwa, wanaoangaliwa pumzi na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa tu. Hospitali kadhaa zimekwisha kutumia "uangalizi maalumu", nasi twaliunga mkono jina hilo kwa huduma, kwa wodi na kwa kozi. "Mahututi" lisifutwe. Libaki kuwa sifa ya mgonjwa ambaye kiungo chake kimoja au zaidi kimeshindwa au ki karibu kushindwa kufanya kazi, na liandikwe katika jalada pale tu hali hiyo ilipo.

Liko neno lingine ambalo halimo katika jina la kozi lakini halikosekani katika mihadhara yake. Ni "shock", ambalo vitabu vyetu hulifasiri "mshtuko". Kwa Mswahili mshtuko hutokana na habari mbaya au kishindo. Daktari husema jambo jingine kabisa, yaani damu haizunguki kwa nguvu ya kutosha kufikisha hewa safi kwenye viungo. Mikono na miguu ya mtoto hupoa, mapigo huwa hafifu na ya mbio, na ukimbonyeza ukucha, wekundu huchelewa kurudi. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto ana mshtuko, atajibu kwa haki kabisa kwamba hakuna aliyemshtua.

Neno hili lina historia ya karibu ambayo yafaa ijulikane. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania juu ya watoto wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalitiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka, kama ilivyokuwa desturi ya hospitali za nchi tajiri, na la tatu halikutiwa kwa haraka. Katika saa 48 walifariki asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya kwanza, na asilimia 7.3 katika la tatu. Desturi iliyosifiwa kote ulimwenguni ilikuwa ikiwadhuru watoto wa kwetu, ambao wengi wao walikuwa na malaria na upungufu wa damu. Tunataja jambo hili kwa kuwa laonyesha ni mtu wa namna gani anayeandaliwa na mafunzo haya. Hatakiwi awe mwepesi wa mkono tu; yampasa apambanue mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara, anayehitaji maji upesi, na mtoto ambaye maji hayo hayo yatamwongezea hatari. Mtu akifundishwa upambanuzi huo kwa neno "mshtuko", amewekewa ukungu mbele ya macho. Twapendekeza "uhafifu wa mzunguko wa damu". Ni refu, lakini lajieleza lenyewe kwa mwanafunzi na kwa mama pia.

Kinyume chake ni "degedege", neno la wananchi wenyewe ambalo wataalamu wameliogopa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wazazi wengi waliutambua ugonjwa huo vizuri kwa dalili zake, ila hawakuuhusisha na malaria, na waliuona kuwa wa kutibiwa kwanza kwa mganga wa jadi. Kulikwepa neno hakukuwaondoa wazazi katika njia hiyo. Tabibu asemaye "mtoto ana degedege, na degedege hii imeletwa na malaria iliyopanda kichwani" ameshika mkono wa mama mahali alipo. Katika vitabu vya kozi neno hilo lisimame peke yake kwa maana ya mkakamao wa mwili wa mtoto wenye kupoteza fahamu, wala lisifungiwe katika alama za kudondoa kana kwamba ni la mitaani.

Sasa tumtazame mhudumu mwenyewe. Cheo cha muuguzi wa aina hii kilianzia hasa katika huduma za watoto: mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kumwezesha muuguzi kupima, kuamua na kutibu kwa madaraka yake. Uingereza nayo, mwaka 2017, ilitoa mwongozo wa cheo hicho kwa ajili ya England wenye nguzo nne, yaani tiba, uongozi, ufundishaji na utafiti. Hapa kwetu wazo hili si geni hata kidogo. Daktari msaidizi, tabibu mzoefu aliyerudishwa darasani akapewa madaraka ya kutibu na hata kupasua, aliwahudumia wananchi wa wilaya zetu kwa miongo mingi.

Jina lake ndilo lililokosa utulivu. "Bingwa" limekwisha kuchukuliwa na daktari mwenye shahada ya pili ya tiba, na "bobezi" na yule aliyempita bingwa. "Mwandamizi" katika utumishi wa serikali hupatikana kwa kupanda madaraja, si kwa mafunzo. "Mtendaji" halifai kabisa: wananchi wa Mkotokuyana wana mtendaji wao wa kata, na hawatamtazamia aje kumwekea mtoto hewa. Nalo "mganga" halijamaliza mzozo wake wa zamani na waganga wa jadi. Twaona heri kuacha kutafuta neno moja la kufunika kada zote, bali kila kada ibaki na jina lake na kuongezewa sifa "mahiri": muuguzi mahiri, tabibu mahiri. Jina kamili litakuwa "muuguzi mahiri wa uangalizi maalumu wa watoto". Hapo ofisa utumishi ajua bila kuuliza kwamba mtu huyu yu katika muundo wa wauguzi.

Limebaki "postgraduate", nalo linagusa mishahara. Desturi ni kulifasiri "uzamili". Katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambako wauguzi husomea shahada ya uzamili ya uangalizi wa wagonjwa mahututi na ambako madaktari wamekuwa wakisomea ubingwa wa tiba ya dharura tangu 2010, neno hilo latosha, maana wote huingia wakiwa na shahada ya kwanza. Vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanza mwaka 2013 kuwafundisha mabingwa wa watoto fani ya dharura na uangalizi maalumu. Lakini tabibu wetu huhitimu kwa stashahada. Huko Kijabe, Kenya, matabibu wa ngazi hiyo, ambao huko huitwa maafisa wa kliniki, hupewa mafunzo ya dharura na uangalizi maalumu yanayoishia kwenye stashahada ya juu. Mfasiri akiyaita hayo "uzamili", amempa mhitimu cheo ambacho bodi ya ithibati haitakitambua. Akiyaacha bila jina, amemnyima haki ya mafunzo aliyoyasotea. Kwa hiyo "uzamili" litumike penye shahada tu, na kwa mafunzo ya kitaalamu yanayofuata sifa ya kwanza, iwe ya shahada au ya stashahada, litumike "mafunzo ya baada ya kuhitimu". Wafasiri waangalie pia kwamba "stashahada ya uzamili" na "shahada ya uzamili" ni vitu viwili, cha kwanza kikiwa chini ya cha pili. Tangazo la kazi likiruka herufi chache hapo, mwombaji asiyestahili huitwa na anayestahili huachwa.

Hatujapata neno la kuridhisha kwa kazi ya mlangoni, ile ya kuwagawa watoto mara wanapofika katika makundi matatu yaliyowekwa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005: wenye dharura, wenye kipaumbele, na wanaoweza kungoja foleni. "Uchambuzi" ni la wasomi wa fasihi, na "uchujaji" hudokeza kwamba wengine watatupwa. Tumefikiria "upambanuzi wa awali". Walimu wa vyuo vya afya na wauguzi wa mapokezi, hasa wa wilayani, watuandikie neno wanalolitumia wao wanapoitana usiku.